Tundu la Tatu

9 Januari

Mdogo wangu,

Wasalimie wote wa humo ndani, Baba akiwa wa kwanza. Wifi hajambo? Na mwanangu mkubwa, meno ya mbele yameshaota au bado anaongea kwa upepo? Mimi mzima, ila mgongo unanisuta kila nikiinama. Paa la jikoni nimeliziba. Karakana ya Baba sijaigusa: gundi, nyuzi, ile miguu ya mbao ya kupimia viatu, vyote viko alipoviacha siku ulipokuja kumchukua kwa matibabu ya kifua.

Sasa mpe habari anayoitaka, ya mbwa wake, maana najua hizi salamu ataziruka zote. Kisigino hajambo. Wiki mbili za kwanza alilala langoni. Kila mzee akipita anamfuata, ananusa viatu vyake, halafu anarudi kichwa chini. Chakula alikuwa anakionja tu. Juzi aliiba kofia ya muuza maziwa, kwa hiyo nadhani roho imeanza kumrudi, lakini amekonda. Baba aliniagiza, "Usiniandikie yuko salama, niandikie tundu la ngapi." Haya basi. Ule mkanda wa ngozi aliomshonea mwenyewe, wenye matundu saba, alimwacha nao kwenye tundu la tatu. Jana nimeukaza mpaka la nne.

Huku uani tuna mbwa thelathini na mmoja na watu wanane wa kujitolea. Fundi cherehani ndiye kiongozi wao ingawa hakuna aliyemchagua. Akikutazama juu ya miwani unajikuta umeshashika ufagio. Ametukatia vitambaa vya kuwafunga shingoni. Cheupe ni mgeni. Kijani ni mzima, anangoja mtu wa kumchukua. Chekundu ni yule ambaye daktari wa mifugo ameshasema hatapona, anangoja sindano ya Alhamisi. Na mimi nimeweka sheria yangu: Alhamisi hakuna kuulizana. Ukiona chekundu unampeleka kwa daktari, basi. Zamani kila Alhamisi palikuwa na mtu wa kupiga magoti, huyu tumwache wiki moja tu, na mbwa wa watu anateseka wiki nzima kwa sababu ya machozi yetu. Kisigino peke yake ndiye mwenye mkanda wa ngozi. Yeye si wa kugawiwa wala si wa sindano, ni wa Baba.

Karani mstaafu wa nyumba ya pili ameanza kukusanya sahihi ili tufungwe. "Watu hawana pa kulala, yeye anawajengea mbwa nyumba." Mwingine kaongezea kwamba mwanamke asiye na mtoto lazima atafute cha kulea. Nilimjibu maneno ambayo siyaandiki hapa, Baba atayasoma. Karani siku hizi hata salamu hanipi. Baba angekuwepo asingethubutu. Viatu vyake vyote vimepita mikononi mwa Baba.

Dada yako

2 Februari

Dada, shikamoo,

Barua yako imekaa njiani siku ishirini, sijui ilikuwa inatambaa. Sisi wazima. Mwanao ameota jino moja na sasa anajiona mzee. Wifi yako anakusalimu, anasema siku ukija viroboto uwaache huko huko. Mimi niko na lifti zangu. Jengo lina ghorofa kumi na mbili na lifti mbili, na moja ikikwama wapangaji wote wanakumbuka kwamba wana mdomo.

Hebu nikuulize. Miaka minne nimekaa huku, umeniandikia barua mbili, na moja ilikuwa ya msiba wa Mama. Leo Baba hajamaliza miezi miwili hapa, umeshashusha kurasa tatu. Kumbe mkono unao! Baba anacheka, anasema anayeandikiwa si mimi, ni mbwa.

Anazisoma mwenyewe, ujue. Nikimaliza mimi anapokea, anapitisha kidole mstari kwa mstari, kisha anaiweka chini ya mto. Kwa hiyo ukiwa na la kunisengenyea tumia karatasi ya pembeni.

Tundu la nne limemfurahisha kupita kiasi. "Ananikumbuka," anasema. Amemwambia mpaka mlinzi wa jengo, na mlinzi wa watu hakuelewa kwa nini mtu afurahie mbwa wake kukonda.

Hospitali tumekwenda mara tatu. Anaendelea.

Mdogo wako

27 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Mwambie wifi viroboto wangu wana adabu kuliko mumewe. Hapa hatujambo, isipokuwa mti wa ndimu umekauka upande mmoja na bomba linatoa maji siku inapojisikia.

Baba, najua umefika hapa: Kisigino amerudi tundu la tatu. Amegundua kwamba fundi cherehani anakuja na mkate kwenye mfuko wa gauni, na hamwachi hatua. Yule mama naye anajifanya kukasirika, "Nenda huko, mzee mzima huna haya!" halafu namwona anamkatia kipande kikubwa kuliko anachobakiza yeye.

Sahihi za karani zimefika sitini. Mtoto wa mtaa wa juu ameng'atwa, si na mbwa wetu, ni wa dukani kule, lakini nani anasikiliza? Mama yake alikuja langoni akaninyooshea kidole mbele ya watu. Nilitaka kumwambia mbwa aliyemng'ata mwanao bado anazurura dukani, wa kwetu wamefungwa huku ndani, ndiyo kazi tunayoifanya, kuwafunga. Sikusema. Mtoto alikuwa na bandeji mguuni na alikuwa ananitazama. Wameitisha mkutano ofisi ya mtaa, Alhamisi ya pili ya Aprili, asubuhi.

Viroboto kweli wametuzidi. Siku moja kabla ya mkutano tutachemsha kila kitu: magunia, kamba, vitambaa vyote vya shingoni. Nataka wakija kukagua wasikute kiroboto hata mmoja.

Baba anaendelea, sawa. Daktari anasemaje?

Dada yako

24 Machi

Dada, shikamoo,

Wote wazima huku, jino la pili limetoka. Baba ameomba kiti kwenye kibaraza, anakaa hapo na vipande vya ngozi alivyovifunga kwenye nguo zake wakati tunasafiri. Mimi nilidhani nimebeba mzigo wa mashati, kumbe nusu yake ngozi. Anakata, anatazama, anakata tena.

Ana agizo, na amenisimamia mpaka niliandike: mkanda wa Kisigino usichemshwe. Maji ya moto yataukakamaza umkwaruze. Uvue, uufute kwa mafuta, uuanike kivulini, kisha umrudishie. Amerudia mara mbili. Nimeandika, Mzee, nimeandika!

Anasema Agosti atakuwa amerudi nyumbani.

Anaendelea.

Mdogo wako

18 Aprili

Mdogo wangu,

Salamu kwa wote. Nimefurahi kusikia jino. Bomba sasa limekauka kabisa, tunachota kwa muuza maziwa.

Mkutano umefanyika. Nilisema yote niliyojiandaa kusema, karani akasema yake, na ofisi imeamua: mwisho wa Agosti nibaki na mbwa kumi. Kumi, na nina ishirini na tisa. Tutatafuta watu wa kuwachukua.

Baba, Kisigino hajambo. Tundu la tatu.

Dada yako

KARATASI YA PEMBENI. USIMPE BABA.

Kaa chini kwanza.

Kisigino hayupo. Alipigwa sindano Alhamisi ile ile ya mkutano, kwa makosa. Mimi nilikuwa ofisi ya mtaa tangu asubuhi, nawatetea mbwa. Aliyebaki kuwapeleka wekundu kwa daktari ni fundi cherehani. Walikuwa wawe watatu. Kisigino akawa wa nne. Ni mzee, anachechemea, daktari hakushangaa. Niliporudi saa saba mchana nilikuta ameshafunikwa gunia.

Fundi cherehani alikosea. Jana yake ndiyo tulichemsha vitambaa, yeye ndiye aliyekuwa anawafunga upya, akachanganya. Alipoelewa alikaa chini kwenye matope na gauni lake safi. Tangu siku hiyo hajakanyaga hapa.

Nimemzika nyuma ya karakana. Mdogo wangu, nimwambieje Baba? Nimekaa na kalamu siku nne. Nimeandika tundu la tatu kwa sababu mkono haukukubali kuandika kingine. Niambie nifanye nini.

10 Mei

Dada,

Sina salamu. Hii yote ni karatasi ya pembeni.

Niliisoma kwenye chumba cha mashine juu ya paa, na ikabidi nibaki huko mpaka uso ukauke. Nilipofika nyumbani Baba alikuwa ameshanyoosha mkono. Nikampa ile ya kwanza. Akapitisha kidole, akafika mwisho, akasema, "La tatu. Haya." Akaiweka chini ya mto.

Sijamwambia na sitamwambia. Usiniulize kwa nini, lakini usimwambie na wewe. Endelea kuandika tundu. Anangoja barua zako kuliko anavyongoja dawa.

Ila kuna kitu sikielewi. Mbwa wote walifungwa vitambaa, sawa, vikachemshwa, vikachanganyika. Lakini Kisigino hakuwa na kitambaa. Alikuwa na mkanda, na mkanda Baba alikataza usichemshwe. Mtu yeyote akiuona ule mkanda anajua huyu ni wa nani. Nani aliuvua?

Mdogo wako

2 Juni

Mdogo wangu,

Wasalimie wote. Huku mvua imetunyeshea wiki nzima, ua umekuwa tope tupu. Mbwa wanne wamepata watu: mwalimu kachukua wawili, muuza maziwa mmoja, na yule mweupe kaenda kwa mwashi. Karani alisimama dirishani akitazama wakitoka, sijui alikuwa anahesabu.

Kisigino hajambo. Tundu la tatu. Baba apumzike, asiwe na wasiwasi.

Dada yako

29 Juni

Dada, shikamoo,

Barua yako ilikuwa na karatasi moja. Niliigeuza nyuma, nikapekua na kona za bahasha, nikijua utakuwa umenijibu mahali fulani. Hukunijibu.

Watoto wazima. Wifi yako ameacha kazi ya mchana ili akae na Baba. Usishtuke, ni kwa sababu tu Mzee hapendi kubaki peke yake. Baba naye anashona kitu, hataki tukione, anakifunika kwa taulo tukipita. Siku hizi haniulizi mengi kuhusu huko. Anasoma mstari wa tundu, anakunja karatasi.

Lakini jana alisema anataka kuja. Si Agosti, sasa hivi. Anataka kupanda basi, anataka kuingia langoni kwa miguu yake. Nilimwambia tungoje apate nguvu. Akaniambia, "Mwanangu, wewe unatengeneza lifti, usinipandishe na kunishusha."

Sasa ikitokea nimemleta, nani atakuja langoni kumpokea? Umefikiri hilo? Na bado nauliza, Dada. Nani aliuvua mkanda?

Mdogo wako

24 Julai

Mdogo wangu,

Hii ni yako peke yako. Karatasi ya Baba sijaiandika, nimeshindwa.

Mimi ndiye niliyeuvua.

Jumatano ile niliketi na Kisigino mlangoni pa karakana. Nikauvua mkanda, nikaufuta mafuta kama Baba alivyosema, nikautundika kivulini. Sasa nikaogopa: mbwa asiye na kitu shingoni akitoka nje ya lango, na mtaa ulivyochafuka, watamfukuza kwa mawe. Beseni la vitambaa lilikuwa hapo pembeni. Nikavuta kimoja nikamfunga. Kilikuwa chekundu. Sikwambii sikuona. Niliona. Nikasema moyoni, ni cha dakika tano, mkanda ukikauka namrudishia.

Halafu karani akaniita kutoka uani kwake, tukarushiana maneno juu ya ukuta. Nikaingia ndani kuandika nitakayosema kesho yake. Niliandika kurasa nne nzuri sana. Nilikuwa nimekasirika na nilikuwa najisikia shujaa, na mbwa wa Baba nikamsahau na kile kitambaa shingoni. Asubuhi nilitokea mlango wa mbele, uani sikupita.

Na fundi cherehani hakumchanganya na mwingine. Utamchanganyaje mbwa unayemlisha mkate wako? Alimjua. Alidhani nimeamua mwenyewe, kwamba daktari kaniambia jambo nami nimelificha. Alitaka kuuliza. Lakini sheria ni yangu, Alhamisi hakuna kuulizana. Kwa hiyo akampa mkate wote uliokuwa mfukoni, akamshika kichwa mpaka mwisho.

Niliporudi nilipiga kelele, "Umefanya nini?" Akasema, "Si alikuwa na chekundu?" Na mimi, mdogo wangu, mbele ya watu, nikasema, "Mimi sijamfunga chekundu. Jana nani alikuwa anafunga?" Mama wa watu akatazama mikono yake mwenyewe. Alikuwa amefunga mbwa ishirini siku hiyo, hakuweza kukumbuka. Akaniamini. Akaketi kwenye tope, nami nikamwacha aketi.

Miezi mitatu ananikwepa. Akiniona sokoni anageuza njia, anadhani yeye ndiye mwenye kosa. Nami naandika tundu la tatu, tundu la tatu. Naona haya hata kuiweka hii kwenye bahasha. Nitamwambia yeye, naapa. Baba mwambie wewe, au usimwambie, siwezi tena kuchagua.

Na wewe niambie ukweli. Mtu haachi kazi kwa sababu ya upweke. "Anaendelea" unaniandikia tangu Februari. Anaendelea kwenda wapi?

Dada yako

16 Agosti

Dada yangu, shikamoo,

Watoto wazima. Wifi yako anakukumbatia.

Nina langu na mimi, nalo ni la zamani kuliko lako. Daktari alituambia mwezi wa pili kwamba mapafu yameshaliwa, hakuna cha kufanya isipokuwa kumpunguzia maumivu. Baba alikuwepo, alisikia. Alinikataza kukuandikia. Alisema, "Ana vita yake kule, asipigane mbili." Nami nikakubali kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kuandika. Nisamehe ukiweza.

Barua yako nilimsomea yote. Nilianza kwa kuzungukazunguka, "Baba, kuhusu Kisigino," akanikatiza, "Amekufa lini?"

Nikamwambia ni Aprili. Akaniambia niandike kama anavyosema, nisitie madoido. Haya maneno ni yake:

"Ule mkanda niliukata mimi. Ngozi ilikuwa changa, nilijua itanyooka, mwezi wa tano ilikuwa lazima asogee tundu hata kama hakukonda. Aliponihuzunikia alihamia la nne. Alipozoea akarudi la tatu. Huyo ni mbwa mwenye shingo. Kisha la tatu, na la tatu tena. Haibi kofia, haombi mkate. Nikajua mkanda umetundikwa mahali."

Nikamuuliza, "Baba, mbona ulinyamaza?" Akasema, "Ningesema, angeacha kuandika."

Dada, niliondoka chumbani. Kumbe alikuwa anaamini kwamba mbwa ndiye anayemletea barua zako, na mbwa akiisha na barua zimeisha. Alikuwa anaziweka zote chini ya mto, hata ile ya tarehe mbili Juni ambayo haina kitu.

Niliporudi nikamsomea kuhusu kitambaa. Alifumba macho, nikadhani amelala. Kisha akauliza, "Hakikumkaba?" Nikasema nani? "Kile kitambaa. Dada yako hufunga fundo kali. Hakikumkaba?" Nikasema hapana. Akatikisa kichwa, akasema, "Basi. Mwambie aende kwa yule mama kabla hajaja kwangu."

Njoo. Usingoje mwisho wa mwezi, mbwa waachie mwalimu. Njoo sasa.

Mdogo wako

20 Septemba

Mdogo wangu,

Nawasalimu mmoja mmoja. Mwambie wifi Mungu amlipe kwa kila usiku aliokesha badala yangu.

Barua yako ilinifikia tarehe tano Septemba. Nilikuwa nimeshafunga mfuko wa safari, niondoke asubuhi ya tarehe sita, karani alipogonga lango. Tangu Januari hajagonga lango langu. Alikuwa na telegramu yako mkononi, imekunjika. Mpeleka telegramu alifika tarehe tatu, mimi nikiwa kisimani kwa muuza maziwa, mbwa wakambwekea, akaogopa kuingia. Akaiacha kwa karani. Karani akaitia mfukoni mwa koti, akasema moyoni nitampa nikimwona, na kwa sababu hatusalimiani hakuniona. Siku mbili. Ile siku aliyokumbuka ndiyo siku mliyomzika.

Nilisoma nikiwa nimesimama. Karani akawa anasema, "Sikujua ni ya nini, dada, wallahi sikujua ni ya nini." Alikuwa analia mwanamume yule, na miguuni amevaa viatu alivyoshonewa na Baba. Nilitaka kumrarua. Lakini nilikuwa naijua sauti ile, ndiyo yangu, dakika tano na kitambaa. Nikamwambia akae. Tukakaa kwenye benchi la karakana mpaka akasema atarudi kesho kunichotea maji. Na kweli alirudi.

Sikumzika Mama vizuri kwa sababu ya ugomvi wetu wa mazishi, unakumbuka, na Baba sikumzika kabisa. Nayasema tu. Usiniandikie ya kunituliza.

Kwa fundi cherehani nilikwenda siku nilipopata barua yako, kabla ya yote, kama Baba alivyosema. Nilimkuta kwenye cherehani. Nikamwambia mlangoni, hata kiti sikuomba. Alisimamisha gurudumu kwa kiganja. Akaniuliza kitu kimoja, "Uliniona nimekaa kwenye tope, ukanitazama?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Tangu Aprili kitambaa chekundu nimekataa kukishona. Wateja nimewarudisha." Kisha akaendelea kushona, nami nikaondoka. Hajaja. Hata mimi nisingekuja.

Mbwa wamebaki kumi, wengine wote wamepata watu, wawili wamekwenda kwa mama wa yule mtoto aliyeng'atwa. Mtoto mwenyewe ndiye aliyeng'ang'ania. Sheria ya Alhamisi nimeifuta. Sasa tunaulizana mpaka daktari anachoka.

Kifurushi chako kimefika. Nilijua ni nini kabla ya kukifungua, harufu ya gundi yake ilinitangulia. Mkanda mzuri, mshono umepinda pale mwisho mkono ulipochoka. Na hauna hata tundu moja. Nimeusoma na ule mstari wako, kwamba alisema, "Asitoboe kwa kukumbuka. Apime shingo iliyopo."

Nilikaa nao wiki nzima. Leo nimeingia karakana, nimechukua kile chuma chake cha kutobolea na nyundo. Kuna jike mzee hapa, kipofu wa jicho moja, hakuna aliyemtaka. Nimemzungushia mkanda shingoni, nimetia vidole viwili katikati kama Baba alivyonifundisha, nimetia alama kwa kucha, nimetoboa. Fundo kali sikufunga. Nimeangalia mara tatu kama haumkabi.

Ulisema zamani kwamba mkono ninao. Ninao. Andika na wewe, hata kama ni habari za lifti.

Tundu la kwanza. Mwambie Baba. Nimeshaandika hivyo kabla sijakumbuka, na sikufuta.

Dada yako